Ukweli Una Bei, Uongo Una Riba

  Mwezi huu nataka tuzungumzie kitu ambacho kila mtu anasema anakipenda, lakini kikibisha hodi wengi tunajifanya hatupo. Nazungumzia ukweli.

Tumelelewa na methali isemayo msema kweli mpenzi wa Mungu. Sawa kabisa. Ila mbona hatuambiwi upande wa pili, kwamba mara nyingi msema kweli siyo mpenzi wa mume, wala wa mawifi, wala wa bosi, wala wa majirani? Ukisema ukweli unaweza kupoteza uchumba. Unaweza kufukuzwa kazi, au kutengwa na ukoo. Wengine wamepoteza zaidi ya hapo. Ndiyo maana wasomaji wengi mnauliza swali lile lile kwa maneno tofauti: "Nikijua ukweli huu utaniumiza mimi mwenyewe, kwa nini nisinyamaze tu?"

Ni swali la haki na halijibiwi kwa mahubiri. Kwa hiyo leo nakupeleka mbali kidogo, kule kona ya kaskazini magharibi mwa nchi yetu, wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Wengi tunakujua kule kwa kupita tu: unashuka Nyakanazi, unakula ndizi na nyama, unaendelea na safari. Lakini ukitaka kujua ukweli unagharimu kiasi gani, na uongo nao unadai riba gani, ni sehemu chache za kukufundisha kama kule.

Daraja la Rusumo

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake, Wahangaza na Washubi, wanazungumza lugha ambazo jirani wa ng'ambo anazielewa bila mkalimani. Watu wameoana kuvuka mipaka tangu kabla ya mipaka yenyewe kuwepo. Mto Kagera unatenganisha nchi, ila undugu haujawahi kuutenganisha.

Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, mto huo ulianza kuleta maiti. Halafu tarehe 28 na 29 ya mwezi huo wakaja walio hai. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Hebu fikiria, mji mzima unahamia kwako kati ya asubuhi na asubuhi. Wakapelekwa Benaco, na kwa muda mfupi kambi hiyo ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi yetu.

Watanzania waliwapokea. Mashirika yakaleta mahindi, maharage, maturubai na dawa. Ili kugawa chakula kwa umati wa namna ile, wakimbizi walipangwa kufuata komyuni walizotoka, na viongozi wao wa zamani wakasimamia mgawo. Ulikuwa utaratibu wa haraka, na kwa haraka ile nani angelaumu? Tatizo ni kwamba sehemu ya viongozi wale ndio walioongoza mauaji. Mtu aliyekuwa akishika orodha ya mgawo alikuwa na siri mkononi, na waliokula kwa orodha ile walikuwa wanaijua.

Mmoja wao aliitwa Sylvestre Gacumbitsi. Alikuwa meya wa komyuni ya Rusumo, ng'ambo tu ya daraja. Kwenye komyuni yake kuna parokia ya Nyarubuye, ambako kuanzia tarehe 15 Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia kanisani waliuawa kwa wingi. Gacumbitsi akavuka na watu wake, akaishi Benaco kama mkimbizi wa kawaida, tena mwenye heshima. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, alimkuta pale kambini akamuuliza kuhusu Nyarubuye. Alikana.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama mmoja pale kambini. Ameona kwa macho yake yaliyofanyika. Lakini aliyefanya ndiye anayepanga nani apate kilo ngapi za mahindi wiki hii. Watoto wanalia njaa. Ungesema?

Kusema kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilionekana mapema. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa Benaco meya mwingine wa zamani, Jean-Baptiste Gatete, umati wa maelfu ulizuka na mapanga na fimbo kumtetea, na wafanyakazi wa misaada wakawa hatarini. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaamua kuondoka kwenye kambi za Zaire na Tanzania, likisema haliwezi kuendelea kulisha mfumo unaowapa nguvu wauaji. Matawi mengine ya shirika hilo hilo yalibaki, yakisema mgonjwa haachwi kwa sababu ya dhambi za jirani yake. Mpaka leo wanaojua mambo hayo wanabishana nani alikuwa sahihi. Unaona? Hata ukishaujua ukweli, bado kuna kazi ya kuamua uufanyie nini.

Wanawake waliokwenda Arusha

Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu ya kushughulikia mauaji yale, na makao yake yakawekwa hapa kwetu, Arusha. Mahakama haiendeshwi kwa fununu, inataka mashahidi. Na mashahidi wengi walikuwa watu wa kawaida kabisa, wakulima, wajane, mabinti ambao hawakuwahi kupanda ndege. Walipewa majina ya herufi tu, wakakaa nyuma ya pazia ili waliojaa ukumbini wasiwaone. Lakini mshitakiwa na mawakili wake waliwaona. Na kijijini, mtu akiondoka wiki mbili bila maelezo, majirani wanajua kuhesabu.

Kesi ya kwanza kusikilizwa ilimhusu Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Kesi ilipoanza mwanzoni mwa 1997, hati ya mashitaka haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Halafu mama mmoja, akiwa kizimbani akijibu maswali ya mambo mengine, akasema yaliyompata binti yake mdogo. Shahidi mwingine akaja akasema yake. Katika jopo la majaji watatu alikuwepo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na majaji wakataka kujua zaidi. Juni 1997 mashitaka yakarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ikatolewa hukumu ambayo kwa mara ya kwanza duniani ilisema ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Jamani, sheria ya dunia ilibadilika kwa sababu mama mmoja hakulimeza lililokuwa kooni.

Lakini tusiseme kana kwamba ilikuwa bure. Kule Taba kulikuwa na mama mmoja, Godelieve Mukasarasi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyeanzisha chama cha wajane na yatima kiitwacho SEVOTA. Yeye ndiye aliyewatia moyo wanawake wa Taba waende kusema. Mume wake naye alikuwa amekubali kutoa ushahidi. Desemba 1996, kabla kesi haijaanza, wavamizi wakamuua mume huyo pamoja na binti yao. Mwanamke mwingine angefunga mlango na kunyamaza maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Godelieve aliendelea kuwaandaa wanawake wale, wakaenda, wakasema. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilimpa tuzo ya kimataifa ya wanawake majasiri. Tuzo ni jambo jema, lakini sidhani kama kuna kikombe kinachojaza kiti kilichobaki wazi mezani.

Na huko mahakamani kwenyewe hakukuwa na upole. Kwenye kesi moja, mwaka 2001, shahidi aliyebakwa aliulizwa maswali ya wakili kwa siku nyingi, mengine ya kudhalilisha, na majaji wakaonekana wakicheka. Mahakama ilieleza kwamba walimcheka wakili kwa maswali yake, si shahidi. Lakini aliyekaa pale mbele akisimulia siku mbaya kuliko zote za maisha yake alisikia nini? Vyama vya manusura wa Rwanda vilikasirika, na mwanzoni mwa 2002 vikasitisha kwa muda ushirikiano na mahakama.

Turudi kwa yule wa Benaco. Gacumbitsi alikamatwa Juni 2001 hapa hapa Tanzania, mkoani Kigoma, akiwa kambini. Miaka saba alikuwa ameishi kati ya watu, akila nao, akizika nao. Kesi yake ikaanza Julai 2003. Mashahidi wakavuka kutoka kwenye vilima vile vile vya Rusumo na kueleza: jinsi alivyokuwa Nyarubuye, jinsi alivyopita na gari akitumia kipaza sauti kuchochea wanawake wa Kitutsi wabakwe, jinsi alivyowatimua wapangaji wake wawili, wanawake, akijua nje kuna wauaji. Tarehe 17 Juni 2004 akahukumiwa miaka 30. Upande wa mashitaka na utetezi wote wakakata rufaa, na tarehe 7 Julai 2006 majaji wa rufaa wakasema kifungo cha maisha. Gatete naye, yule aliyetetewa kwa mapanga, alipatikana na hatia mwaka 2011, na rufaa ya 2012 ikamwachia kifungo cha miaka 40.

Naomba utambue jambo moja. Si kila shitaka lililoletwa dhidi ya Gacumbitsi lilithibitishwa. Yapo ambayo majaji waliyakataa kwa sababu ushahidi haukumfikia. Hiyo nayo ni sehemu ya somo letu. Ukweli hauogopi kuulizwa maswali. Anayetaka aaminiwe bila kuulizwa, hata kama ni mume wako kipenzi, mwangalie mara mbili.

"Kwani wewe asili yako wapi?"

Utaniambia, mhariri, hayo ni mambo ya mahakama kubwa, sisi huku tuna mambo yetu ya ndoa. Haya, basi tukae hapo hapo Ngara na Biharamulo, tuingie ndani ya nyumba.

Kule, swali gumu la uchumba wakati mwingine siyo "una mpenzi mwingine?" Ni "asili yako wapi?" Tangu 1959 Wanyarwanda wamekuwa wakivuka kwa mawimbi. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Wengine walikuja baadaye, wengine walikuja kulima au kuchunga, wakapata mwenzi, wakazaa. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walipotakiwa kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha, nusu milioni hivi walirudishwa kupitia Rusumo. Wapo walioponyoka. Lugha zinafanana, sura zinafanana. Mtu anaweza kusema yeye ni Mhangaza wa kijiji cha mbali kidogo, na maisha yakaendelea.

Yakaendelea hadi 2013. Julai 25 mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete akiwa Kagera alitoa siku 14 kwa waliokuwa nchini bila kibali waondoke au wajihalalishe. Tarehe 6 Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake. Aliyewahi kupita misitu ya Biharamulo kwenye basi linalosindikizwa na polisi wenye bunduki anajua ujambazi wa kule haukuwa hadithi. Lakini operesheni ni kama jembe, haichagui sana. Maelfu ya watu waliondoka au kuondolewa, na mashirika ya haki za binadamu na vyombo vya habari vilieleza habari za ndoa zilizokatwa katikati: mke amebaki Tanzania, mume yuko kambi ya Kiyanzi upande wa Rwanda, watoto hawajui walale wapi. Wapo hata waliosema wana uraia na bado wakabebwa.

Sasa hapa ukweli unakuwa na sura mbili, na nisingependa tuzichanganye. Mtu aliyejificha kwa sababu anaogopa kurudishwa mahali alikopoteza watu wake, siwezi kukaa kwenye kiti cha ofisi Dar es Salaam nikamhukumu. Kuna uongo wa kuokoa roho. Mwaka 1994 kuna watu walisimama mlangoni wakawaambia wenye mapanga, "hapa hakuna mtu," na chini ya kitanda walikuwepo wanne. Muuaji hana haki ya kupewa ukweli. Mwenye akili yoyote anaelewa hilo.

Lakini mke wako si muuaji. Mume wako si mtu wa kizuizi cha barabarani. Fikiria mama aliyeolewa miaka kumi na tano, ana watoto watano, halafu anajua mume wake ni mtu wa wapi siku gari la operesheni linasimama uani. Kilichomuuma zaidi ni nini, mume kuchukuliwa, au kujua kwamba miaka yote ile alilala na mtu asiyemwamini? Na kumbe kama angeambiwa mapema, kulikuwa na njia. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa njia nyepesi kidogo. Mwanaume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana upendeleo huo, kwake safari ni ndefu na ya gharama, lakini angalau ni safari ya wawili: kufuatilia kibali, kuuliza Uhamiaji kabla hawajakuuliza wao, kupanga shamba liandikwe jina la nani. Siri iliwanyima muda. Hiyo ndiyo riba ninayoizungumzia. Uongo hukukopesha amani ya leo, kisha ukaja kudai siku ambayo huna kitu mfukoni.

Kagera hiyo hiyo ilishatufundisha somo hili kwa njia nyingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka ile ya mwanzo watu walificha, wakasingizia uchawi, wakaita ugonjwa majina ya kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kiliwaumbua wengi, pamoja na wenzi wao ambao hawakuambiwa. Leo dawa zipo na mtu anaishi miaka yake vizuri, lakini bado kuna anayemeza vidonge chooni ili mwenzake asione. Sheria ya mwaka 2008 inamtaka anayejua ana VVU amjulishe mwenzi wake. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu haihesabiki kuwa ya hiari. Yaani hata serikali, ambayo haina mambo ya mapenzi, inajua kwamba "ndiyo" ya mtu aliyedanganywa siyo ndiyo.

Kabla hujafungua mdomo

Najua mpaka hapa kuna msomaji ameshaweka gazeti chini anataka kumwita mwenzake sebuleni. Subiri kwanza, dada. Subiri, kaka. Ukweli una namna yake.

*Jiulize unasema kwa faida ya nani.* Kuna wanaosema ukweli ili mwenzao ajue anachostahili kujua. Na kuna wanaosema ili wao wapumue, kisha mzigo wamtupie mwingine. Wakati mwingine yote mawili yanakwenda pamoja, sawa. Lakini kama ni la pili peke yake, ongea kwanza na mshauri au kiongozi wako wa dini.

*Sema lote mara moja.* Ukweli wa mafungu unaumiza kuliko wa jumla. Leo unasema ulikuwa na mtoto, kesho unasema wawili, keshokutwa mama yao bado mnaongea. Mwenzako hataumia na watoto, ataumia na hesabu.

*Sema wako, acha wa mwenzako.* Siri ya afya ya dada yako, au yaliyompata rafiki yako enzi za vita, si yako ya kutoa sadaka. Wale mashahidi wa Arusha walipewa herufi badala ya majina kwa sababu hiyo. Ukweli wa mtu unatolewa na mwenyewe, kwa wakati wake.

*Angalia usalama.* Kama mwenzako ni mtu wa ngumi, usimwambie mkiwa wawili usiku. Mwite shangazi, mshenga, mchungaji, shehe, mtu anayemheshimu. Ujasiri hauna maana ya kujipeleka machinjioni. Hata mahakama ya dunia iliweka pazia.

*Hesabu gharama mapema.* Usiseme ukweli huku ukitegemea kupigiwa makofi. Huenda akaondoka. Huenda ukalala peke yako miezi sita. Ukishajiambia hivyo na bado ukaona ni lazima useme, basi uko tayari.

Na wewe unayeambiwa?

Hapa ndipo ninapotaka tubaki kidogo, kwa sababu tunapenda kumshauri anayesema na kumsahau anayesikia. Kumbe bei ya ukweli mara nyingi haipangwi na msemaji. Inapangwa na sisi tunaosikiliza.

Mwanamke aliyekwenda Arusha akasema alibakwa, nani alimwongezea gharama akirudi? Wauaji wengine walikuwa gerezani. Ni jirani aliyenong'ona kisimani. Ni shemeji aliyeacha kula chakula alichopika. Na yule kijana wa Ngara aliyeficha asili yake, alimwogopa nani mwanzoni? Pengine hakuogopa Uhamiaji. Aliwaogopa wakwe, wangesema "binti yetu haolewi na mkimbizi." Tunapiga kelele kwamba watu ni waongo, na huku sisi wenyewe tumeweka faini kubwa kwa kila anayesema kweli.

Kwa hiyo mwenzako akikaa mbele yako, mikono inatetemeka, akakwambia jambo ambalo hukutaka kulisikia, huna lazima ya kusamehe palepale. Lia. Kasirika. Toka nje ukapunge upepo. Una haki hata ya kuondoka kabisa, kwa sababu mwingine amekosa, na kukiri hakufuti kosa. Ila tofautisha mambo mawili: jambo alilofanya, na ujasiri wa kulisema. La kwanza unaweza kulichukia maisha yako yote. La pili usilitemee mate, na hasa usilitumie kesho kama fimbo kwenye ugomvi wa chumvi iliyozidi. Ukifanya hivyo, umemfundisha asirudie tena kusema. Na watoto walio chumba cha pili nao wamejifunza.

Mwaka 1995, wakati kambi zile zimejaa hofu na uvumi, shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi lilianzisha redio pale Ngara. Miezi michache nyuma watu wale wale walikuwa wamesikiliza redio ya kwao ikiwaita jirani zao mende. Redio mpya ikapewa jina Kwizera, neno la Kinyarwanda na Kirundi lenye maana ya tumaini. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu habari zisizo na chumvi, ili anayeamua kurudi nyumbani au kubaki aamue kwa kujua. Napenda jina lile liliwekwa pale. Tunazoea kudhani tumaini linatokana na maneno matamu. Kule mpakani waliona kwamba linaanza pale mtu anapoweza kuamini alichoambiwa.

Nyumba yako pia ni kituo cha redio, mpenzi msomaji. Kila siku kuna matangazo. Wanaosikiliza wanapanga maisha yao kutokana na wanachosikia kwako: mwenzako anapanga kujenga, mtoto anapanga kusoma, mama mkwe anapanga kuja kuishi na nyinyi. Kama matangazo si ya kweli, mipango yao yote imesimama kwenye mchanga, na hawajui.

Najua wapo mtakaosoma hapa mkasema, mhariri, yangu ni makubwa mno, nikiyasema nyumba inavunjika. Inawezekana. Sitakudanganya, ingekuwa kichekesho nikudanganye kwenye ukurasa huu. Nyumba nyingine huvunjika. Ila jiulize kwa utulivu leo usiku, taa zikizimwa: nyumba unayoilinda kwa uongo, ni nani hasa anaishi humo? Ni wewe, au ni yule mtu uliyemtunga?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka hapo, mpende mwenzako, na umwambie ukweli mdogo mmoja wiki hii. Uanze na mdogo.